Mume Aliyeambiwa Akae

Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumpa Alawi cheo cha mume bora wa Magomeni, na cheo hicho alikipoteza asubuhi moja tu, kwa nusu ndoo ya maji.

Alikuwa barazani kwake kama siku zote, nyuma ya cherehani, anashona pindo la sketi ya shule. Mkewe Rukia, ambaye majirani humwita Mama Farida, akatokea upande wa bombani na ndoo ndogo kichwani. Alitembea kwa hatua fupi, mkono mmoja kwenye ndoo na mwingine kiunoni, na kila aliyekuwa nje alimtazama. Rukia ni mgonjwa wa mgongo, na kwa miaka sita hakuna aliyemwona amebeba hata kikapu. Maji ya nyumba ile huchota Alawi. Nguo hufua Alawi. Nazi hukuna Alawi, tena mchana kweupe, bila kujificha, mpaka wanawake wakigombana na waume zao humtaja yeye kwa jina na kuwaambia waende kwa fundi wakajifunze maana ya kuoa.

Sasa fundi huyohuyo alikuwa amekaa. Miguu iko kwenye cherehani, macho yako kwenye pindo, na masikio yanawaka moto.

Bi Rehema, jirani wa nyumba ya pili, alishindwa kuvumilia. Aliacha sahani zake kwenye povu akatoka mbio na mikono inachuruzika.

"Jamani! Mama Farida! Nani kakutuma maji na mgongo huo?"

"Hakuna aliyenituma, shoga. Niache nifike."

"Nikuache uanguke mbele ya macho yangu? Wewe! Hebu lete!"

Akaipokonya ndoo kichwani, maji yakamrukia Rukia kifuani, akaenda nayo moja kwa moja hadi barazani na kuitua mbele ya cherehani.

"Fundi, maji yako haya. Mkeo amekuletea."

Alawi alitaka kusema kwamba ni hospitali iliyosema. Lakini utaanzaje kulieleza mtaani jambo kama hilo, kwamba wataalamu wenye makoti meupe wamekuagiza usimsaidie mkeo? Midomo ilifunguka, likatoka neno moja tu.

"Ahsante, Bi Rehema."

Bi Rehema alimtazama kama anayetazama nyama iliyooza, akarudi kwenye sahani zake. Rukia alibaki katikati ya njia na mikono mitupu. Mgongo ulikuwa unauma, ndiyo, kama unavyouma kila asubuhi. Ila kilichomtia uchungu hasa ni kwamba alikuwa karibu kufika. Mlango alikuwa anauona.

*

Alhamisi walirudi kliniki. Chumba chenyewe kiko nyuma ya hospitali, karibu na ukumbi wa mazoezi, na hakina meza. Viti vimepangwa duara. Siku ya kwanza Alawi aliingia akadhani pana msiba. Wanakaa wote kwa pamoja: daktari, ambaye ni mwanamke mwenye sauti ndogo, Gaudensi mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye ni Mmakonde wa Newala mwenye mabega mapana, dada mmoja ambaye kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa namna ya kuzirudia shughuli za nyumbani, na mama wa ushauri, mwenye miwani, ambaye hasemi sana. Kinachomshangaza Alawi ni kwamba hubishana mbele ya mgonjwa. Anavyojua yeye, wataalamu hukubaliana kwanza chumbani, kisha wakatoka na neno moja.

"Vidonge vya usiku tutavipunguza tena kidogo," daktari alisema. "Na zile picha nimezitazama upya. Hakuna mfupa uliovunjika, hakuna mshipa uliobanwa."

Rukia akainamisha kichwa. Neno "hakuna" alishalisikia mahali pengine, na huko maana yake ilikuwa kwamba anajifanya. Kuna mhudumu mmoja alishamwambia usoni kuwa ugonjwa wake ni uvivu wenye kadi ya kliniki.

Daktari aliliona. "Mama Farida, nitazame. Sijasema huumwi. Unaumwa, na nimekuamini tangu siku ya kwanza. Nasema kwamba ukiinama huvunjiki."

"Sasa kwa nini unauma?" Rukia aliuliza.

Gaudensi akajibu, polepole, kwa lafudhi yake ya kupanda juu. "Umefuga kuku, mama? Kuku mwenye vifaranga anamrukia kicheche. Hapo anafanya kazi yake. Lakini akishatishwa sana, anamrukia hata mwenye nyumba aliyeleta pumba. Mgongo wako uliumia kweli, miaka ile ya kukaa chini ukibangua korosho. Ukapona. Ila umebaki na ukali wa kuku yule. Hatuwezi kumchinja. Tunaweza kumzoesha, kila siku kidogo, mpaka ajue kwamba hujaja kumdhuru."

"Na siku akikataa kuzoea?"

"Siku mbaya zitakuwepo. Siku mbaya usiache kabisa, na siku nzuri usijimalize. Unafanya, unasimama, unapumua, unarudi. Hiyo ndiyo dawa yangu, sina nyingine."

Mama wa ushauri alikuwa anamtazama Alawi. "Na wewe, baba, wiki imekwendaje?"

"Mimi siumwi."

"Sikukuuliza kama unaumwa."

Alawi alikunjakunja kofia yake magotini. Mwishowe ikamtoka. "Wananiona mnyama. Nilikuwa mtu mimi pale mtaani. Sasa nakaa kwenye cherehani mke wangu anapita na ndoo, na kila anayepita ananipa salamu ya pembeni. Hata kitambaa hawaleti. Mmenipa dawa mbaya."

"Miaka sita umembebea kila kitu," mama wa ushauri alisema. "Amepata nguvu, au amepungua?"

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuumiza?"

"Hapana," daktari alisema.

"Si hivyo, lakini..." mama wa ushauri alianza, na daktari akamkatiza, na kwa muda wakabishana kwa sauti za chini juu ya namna ya kumwambia mtu kwamba mapenzi yake yamemlaza mkewe kitandani. Alawi aliwasikiliza akiwa amevimba shingo. Ni Gaudensi aliyemaliza.

"Baba Farida, ulifanya ambalo yeyote mwenye mapenzi angefanya. Sasa tunakuomba lililo gumu kuliko hilo."

Yule dada wa shughuli za nyumbani akamgeukia Rukia. "Na wewe mama hujatuambia. Tuache maumivu kwanza. Mwezi ujao ungependa uwe unafanya nini ambacho sasa hufanyi?"

Rukia alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Alawi alitaka kumjibia, kama alivyozoea.

"Nifagie uwanja wangu," alisema. "Wote. Bila mtu kunipokonya ufagio."

Alawi akamtazama. Mwanamke huyu alikuwa naye ndani kila siku, anamkanda mgongo, anamletea chai, na hakuwahi kujua kwamba anautamani ufagio.

*

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Alawi aliinua jiko la mkaa juu ya matofali kama walivyoelekezwa, ili mkewe apike amesimama. Rukia alifagia kipande cha uwanja, akapumzika, akafagia kingine jioni. Kisha ikaja Jumamosi moja, Bi Rehema akiwa nje na wenzake wanasukana, akasema kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufika kwa wenzake peke yao:

"Mtu akichoka na mgonjwa si aseme tu, kuliko kumfanyisha kazi mpaka afe."

Rukia aliyasikia, na hasira zikampanda. Akafagia uwanja wote kwa mkupuo mmoja. Akaendelea njiani, akavuka mpaka, akafagia na mbele ya mlango wa Bi Rehema huku vumbi likiwaingia wasukaji kwenye nywele. Alijiona mzima kabisa. Usiku ule hakulala, na asubuhi hakuweza kushuka kitandani.

Alawi alichukua ndoo zote mbili akaenda bombani bila kuuliza mtu.

"Karibu fundi!" wanawake walimpokea. "Tulikukosa!" Wakampisha mbele ya foleni. Na Alawi, tuseme ukweli, alisikia raha. Alirudi na ndoo kifua mbele, akafua khanga za mkewe uwanjani huku anapiga mluzi, akawaitikia wapita njia salamu zao nzima. Rukia alikuwa ndani anausikia ule mluzi.

Siku zilizofuata Alawi alimkataza mkewe asinyanyuke. Mazoezi ya Gaudensi akayaahirisha. "Ukipata nafuu," alimwambia, na Rukia hakubisha kwa sababu maumivu yalikuwa makali na kubisha kunahitaji nguvu.

Lakini Bi Rehema alikuwa ameshapiga simu Kilambo, kwa mjomba wake Rukia. Hakupiga kwa ubaya. Alipiga analia.

*

Kwao Rukia, kule ukingoni mwa Ruvuma, mtoto ni wa mjomba. Baba huheshimiwa na mume huheshimiwa, lakini likiharibika jambo, anayekuja ni kaka wa mama, na akija hajaja kuuliza. Mjomba Athumani alikuja na kirikuu cha kukodi. Nyuma ya gari palikuwa na godoro jipya, nene, bado liko kwenye nailoni yake. Ameuza mbuzi wawili kulinunua, ili mpwa wake asafiri amelala.

Gari lilisimama mbele ya baraza saa za kabla ya adhuhuri. Mtaa ukatoka. Watu waliliona godoro, wakaelewa kila kitu.

"Shikamoo, mjomba," Alawi alisema, akiinuka na uzi mdomoni.

"Marahaba." Mzee hakukaa, akaanza kwa lafudhi ya kwao. "Alawi, siku ile nilikukabidhi ntoto wa dada yangu nzima. Nzima kabisa. Leo naambiwa anabeba maji, na we umekaa hapo unashona. Kweli au uongo?"

"Kweli, mjomba, lakini hospitali ndio waliosema..."

"Hospitali imesema ngonjwa abebe maji?"

Dereva wa kirikuu alicheka. Bi Rehema, aliyesogea karibu mkono uko shavuni, alitikisa kichwa.

"Ilikuwa nusu ndoo, mjomba."

Hiyo nusu ndiyo iliyomalizia kesi. Hata Alawi aliposikia sauti yake mwenyewe ikiitamka alijua ameshindwa.

"Sikuja kugombana nawe," Mjomba Athumani alisema, na sauti yake ikalegea, kwa maana hakuwa mtu mbaya na macho yake yalikuwa yameshaanza kulowa. "Nimekuja kunchukua akapumzike. Nyumba ipo. Binti zangu wawili wameshaambiwa, hata kijiko hatashika. Atalala mpaka apone. We umechoka, si dhambi kuchoka. Ntu akichoka anasema."

Alawi aliangalia chini. Mtaa mzima ulikuwa unasubiri neno lake. Angeweza kueleza habari za kuku na vifaranga. Angeweza kueleza habari ya uwanja na ufagio. Alifikiria jinsi watakavyocheka.

"Labda," alisema, "labda apumzike huko kidogo, mjomba. Kidogo tu."

Dirisha la chumbani liko palepale juu ya baraza. Rukia alilala chini yake na kila neno lilimfikia. Godoro aliliona kwenye upenyo wa pazia, na tusimpambe, alilitaka. Mwili wake wote ulilililia. Kulala, asiguswe, asiulizwe amefanya mazoezi au hajafanya. Kisha akaiona na ile nyumba ya Kilambo: watu wanaingia wakinong'ona, sahani inaletwa na kuondolewa, watoto wanafukuzwa wasipige kelele, na yeye anaitwa mgonjwa mpaka wanaozaliwa wakue bila kujua jina lake. Na hiyo "kidogo" ya mumewe aliijua. Akishuka kwenye gari lile kule, harudi. Si kwamba watamzuia. Miguu ndiyo itakayosahau njia.

Akageuka ubavu. Akashusha miguu kwanza, akajisukuma kwa mkono, akakaa. Akapumua alivyofundishwa. Akasimama kwa kushika ukuta, na machozi yalimtoka kwa maumivu, akayafuta kwa upindo wa khanga kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu! Usisimame! Kaa! Nleteeni kiti!"

"Mjomba umekula?"

Hapo ndipo wote walipokumbuka. Mzee ametoka Kilambo, amesimama juani, amelaumu, na hakuna aliyempa hata maji ya kunywa. Alawi alishika kichwa.

"Sikuja kula," mjomba alisema.

"Najua. Lakini hutaondoka nyumbani kwangu na njaa. Nitapika. Ukishakula utasema lako, nami nitakusikiliza."

Alikuwa amembana, na mzee alijua amebanwa. Kukataa chakula cha mpwa wako ni kumwambia huna undugu naye, na mtu hawezi kumkana mtu ambaye amekuja kumchukua kwa jina la undugu.

"Basi apike Alawi," alisema, akitafuta pa kutokea. "Nasikia anajua."

"Alawi leo amekaa," Rukia alisema.

*

Aliamua kusonga ugali wa muhogo. Angeweza kupika wali akaufunika ukajipika wenyewe, lakini mjomba hali wali mchana, na ugali wa muhogo anayeujua anaujua: unavuta mwiko kama una ugomvi nao. Mchuzi wa samaki ulikuwepo wa jana. Akautanguliza, akaupasha, akabandika maji.

Bi Rehema aliingia uwanjani mikono imeshanyooka. "Lete mwiko huo."

"Shoga, nenda kakae na mgeni wangu. Nikikuhitaji nitakuita."

"Mama Farida, watu watasema nini mimi nimekaa..."

"Watasema umekaa."

Bi Rehema akaenda kukaa kwenye ncha ya baraza, amenuna, karibu na Alawi. Wote watatu, yeye, mzee na Alawi, waliweza kuuona uwanja ulio ubavuni mwa nyumba. Rukia alisimama mbele ya jiko lake la juu, mguu mmoja ameuweka kwenye tofali. Akamimina unga. Akasonga. Mwanzo ulikwenda. Kisha ugali ukaanza kushika, naye akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akaenda kuegemea nguzo na kufumba macho.

Mjomba Athumani akainuka.

"Mjomba, kaa," Alawi alisema.

Mzee aligeuka kama aliyeumwa na nge. "Unaniambia mimi nikae?"

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe. Kaa." Alawi alikuwa ameshika ukingo wa cherehani kwa mikono yote miwili. "Hata mimi nakaa. Unaliona jasho hili? Nilikuwa najua kuchota maji, nilikuwa najua kufua, nikasifiwa na kila mtu. Hili la kukaa sijaliweza bado. Ni juzi tu limenishinda. Nilimlaza tena kwa sababu wanawake wa bombani walinichekea." Bi Rehema aliangalia upande mwingine. "Na sasa hivi nimekwambia umchukue, na mwenyewe nilijua nakosea. Niliona aibu ya watu. Hospitali hawakusema atumikishwe, mjomba. Walisema aachiwe mwili wake. Akisimama pale hajashindwa. Anapumzika ili arudi. Tazama."

Mzee hakukaa, ila hakusogea pia. Rukia alifumbua macho. Akarudi kwenye jiko, akabadili mkono, akasonga kwa mkono wa kushoto. Akaacha tena. Ugali ukaanza kutoa harufu ya kuungua chini. Bi Rehema akanyanyua makalio, akayarudisha mwenyewe. Ilichukua muda mrefu, mrefu kwa aibu, na dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi kwa njaa yake mwenyewe.

Walinawa wakala, dereva naye akaitwa. Mjomba Athumani alikata tonge, akalifinya, akalitazama, akalifinya tena. Alitafuna kwa uangalifu.

"Ugali una madonge," alisema.

Alawi aliganda. Dereva aliacha kutafuna. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyethubutu kusema neno baya juu ya kitu chochote cha Rukia, na Rukia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chenye egemeo kando yao, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kucheka nako kuliuma.

"Una madonge, mjomba. Na chini umeungua."

"Umeungua, nimeusikia." Mzee alichovya, akala tena. Halafu bila kumtazama, "Unauma, nkongo?"

"Unauma."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na kesho utauma zaidi kwa ugali huu."

"Na kwangu Kilambo, ungeuma?"

"Ungeuma, mjomba. Wale wataalamu hawakuniahidi kwamba utaacha. Ila kwako ningekuwa na maumivu peke yake. Hapa nina maumivu, na uwanja, na huyu mtu wa kugombana naye." Akaligeukia gari. "Ulinunua godoro lile kwa mapenzi. Nalijua. Nikilala juu yake sitaamka, mjomba. Sitakufa. Nitakuwepo tu."

Mzee alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, hata ule ukoko ulioungua. Alikuwa anakumbuka dada yake, mama yake Rukia, aliyekaa ndani miaka yake ya mwisho wakimpokonya kila alichoshika, na jinsi walivyosifiwa siku ya mazishi kwa kumtunza vizuri. Hilo hakulisema.

Dereva alijipangusa. "Mzee, tunapakia?"

"Shusha."

"Nishushe nini?"

"Godoro, we! Kuna kingine umebeba? Liweke ndani, watalalia usiku kama watu. Kisha kanisubiri hapo kwenye kona. Narudi peke yangu."

Bi Rehema alishika mdomo. Badala ya kusema ahsante, Alawi akafanya jambo ambalo mikono yake imelizoea. Alikurupuka, akakimbilia birika la maji na bakuli ili amnawishe mgeni.

Mzee akarudisha mikono yake nyuma.

"We kaa. Atanawisha mwenye nyumba."

Alawi akaliweka birika kwenye meza ya cherehani, akakaa. Mjomba Athumani akanyoosha mikono yake mbele, vidole vimetapakaa ugali na mchuzi, akaiacha hapo hewani. Rukia akashika mkono wa kiti. Akajisukuma, akashindwa, akatulia, akapumua. Ugali ulianza kukauka kwenye vidole vya mzee. Nzi alitua, hakumfukuza. Rukia akajisukuma tena, akasimama, na mjomba wake akaendelea kumngoja na mikono yake imenyooka, hana haraka, mpaka alipofika.